Mkunga Aliyetanguliza Sikio

Ukimwona mkunga wetu anakuja kwa mbali ungedhani anaumwa shingo. Kichwa alikilaza upande wa kushoto, sikio la kulia likabaki juu, nje ya mtandio, limeachwa wazi makusudi. Sisi wa Chanika, pale Handeni, tulijua hana ugonjwa wowote. Alikuwa anasikiliza. Miguu ilikuwa yake, lakini kama itaendelea mbele au itarudi nyuma, hilo liliamuliwa na mtu yeyote aliyekuwa anasema mambo yake nyuma ya ua, bila habari kwamba mkunga anapita.

Kanuni yake ilikuwa hivi. Akishaitwa kwa mwenye uchungu, akavuka kizingiti cha nyumba yake na kikapu mkononi, basi neno la kwanza atakalolisikia ambalo halikusemwa kwake ndilo habari ya safari. Aliyemsemesha yeye mwenyewe, awe amemsalimu au amemtukana, hakuhesabika. "Anayeniambia mimi anataka kitu kwangu," alikuwa akieleza. "Lile la kusikia njiani halinitaki kitu." Akisikia mwanamke anamwambia mwenzake kwamba unga umetosha, au mbuzi wametoka zizini, aliongeza mwendo. Akisikia kwamba mlango umekwama, au kamba imekatika kisimani, alisimama palepale, akageuka, akarudi kwake, akanawa miguu, akakaa, kisha akatoka upya kwa njia nyingine. Kwenda hakukataa hata mara moja. Alichelewa tu, na katika kazi ile kuchelewa si jambo dogo.

Watu wazima waliliita neno la namna hiyo ndege, yaani dalili ya safari: leo mkunga amepata ndege njema, leo amepata ndege mbaya. Lakini usimwambie kwamba yeye na waganga wa ramli ni wamoja. Waganga aliwadharau waziwazi. Palikuwa na mmoja upande wa Kwashemshi ambaye watu walimpandia milimani na kuku wao, na kila aliyerudi mkunga alimwuliza kama yule kuku alikuwa mtamu. Bundi akilia juu ya paa lake alimtupia gunzi la muhindi. Nyoka aliwaua kwa mwiko. Wanaume walevi waliokuja kuwapigia kelele wake zao katikati ya uchungu aliwashika sikio na kuwatoa nje, hata wakubwa wenye kofia za kazi. Kitu cha pekee alichokiogopa hapa duniani ni sauti ya mtu anayezungumza na mtu mwingine.

Mikono yake ndiyo iliyotufanya tumvumilie. Ilikuwa mikono mikubwa, ya mkulima, lakini wanawake walisema ikikugusa tumbo unasikia usingizi. Wengi wa rika langu tuliozaliwa pale Chanika tulipokewa na mikono hiyo. Palikuwa na dresa katika dispensari ya serikali, kijana safi, mwenye kaptura iliyopigwa pasi, lakini yeye alijua vidonda na homa. Mwanamke gani angejifungulia mbele ya kaptura? Kwa hiyo tulikuwa na mkunga, na mkunga alikuwa na sikio lake, na ilibidi tuyachukue yote mawili kwa pamoja.

Watu wakajifunza. Habari ikienea kwamba fulani ameshikwa na uchungu, wanawake wa njia yote walitoka nje na kuanza kuzungumza kwa sauti kubwa mambo ya heri.

"Mwenzangu, mlango wako uko wazi?"

"Uko wazi, na upepo unapita!"

"Na maji?"

"Yameshuka yote, tena bila taabu!"

Mkunga alipita katikati yao, sikio juu, akiguna. "Hayo mmenipikia," aliwaambia. "Hayana chumvi." Na kweli hakuyahesabu. Alikwenda mpaka akute neno lisilojua kwamba linasikilizwa. Nakumbuka siku moja baada ya wanawake wote kumaliza mchezo wao, alifuata neno la mpita njia mmoja, manamba aliyetoka mashamba ya mkonge, aliyekuwa anamlalamikia mwenzake kwamba viatu vimelegea. Mkunga alikaribia kukimbia kwa furaha. Mtoto wa siku ile, kwa kweli, alizaliwa kabla mama yake hajamaliza kutandikiwa mkeka.

Maandishi nayo aliyaingiza humohumo, ingawa hakujua kusoma. Mwarabu wa dukani alifunga chumvi na sukari kwa vipande vya magazeti ya zamani, na mkunga alivitunza vipande hivyo ndani ya kikapu, chini ya wembe na uzi. Siku aliyokuwa na wasiwasi alichomoa kimoja bila kutazama, akamtafuta mtu wa kumsomea. Mara moja alinikamata mimi natoka shule. Nikasoma kwa kujikwaa, sabuni hii hutoa povu jingi na hulainisha nguo ngumu. Alinipiga begani kwa furaha. "Huyo atateleza tu," akasema, akashika njia. Siku nyingine palitokea habari ya bei ya ng'ombe, akanitazama kana kwamba nimeitunga mimi. Tulicheka sana habari hizi nyumbani. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote, maana wakati huo Mama alikuwa mtu wa kucheka.

Nimesema tulicheka, na ningependa kuishia hapo. Lakini mkunga huyu siwezi kumkumbuka peke yake. Kila nikimleta akilini, Mama anakuja pamoja naye, amesimama mwisho wa ua wetu na kigae cha chungu mkononi.

Ilikuwa wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, vile vya pili, viberiti vilipoadimika madukani. Kila nyumba ililinda moto wake chini ya majivu, na ukikuzimikia ulichukua kigae ukaenda kuomba kaa kwa jirani. Lilikuwa jambo la kila siku. Masika ile ilikuwa mbaya, barabara ya Korogwe imekatika, malori hayapiti. Jirani yetu wa tatu alikuwa fundi baiskeli, na mkewe, binti mdogo mwenye mwanya aliyeingia pale mwaka uliotangulia, alikuwa na mimba ya kwanza. Asubuhi mkunga alikwenda kumtazama. Alisema bado, atarudi. Baada ya adhuhuri fundi alikuja kumwita mbio, kisha akatangulia nyumbani.

Mkunga akatoka. Mvua ilikuwa imesimama na wanawake hawakuwahi kujipanga njiani. Alipofika usawa wa ua wetu, Mama alikuwa anamwita Mama Zuhura, jirani wa ng'ambo ya njia.

"Mama Zuhura, una moto? Wangu umezimika."

Nilikuwa mlangoni. Nilimwona mkunga amesimama na kichwa chake cha upande. Akageuka. Mama Zuhura alitoka, akamwona anarudi, akaziba mdomo kwa kanga. Mama alibaki na kigae chake. Mkunga alirudi kwake, akakaa huko mpaka watu wakaadhini alasiri, kisha akazunguka kwa njia ya nyuma. Alipofika kwa fundi, binti yule alikuwa amekwisha kuchoka. Jioni ile alifariki, na mtoto hakutoka.

Mtu wa mbali angesema lawama ni ya mkunga. Sisi hatukuwa watu wa mbali. Mkunga alikuwa amefanya kama alivyofanya siku zote, na kanuni yake ilijulikana na kila mtu. Aliyesema ni nani? Aliyesema moto umezimika, mchana, barabarani, na mwenye uchungu nyumba ya tatu, ni nani? Hakuna aliyempeleka Mama kwa jumbe. Hakuna aliyemtukana. Fundi baiskeli alipita mbele yetu akiangalia upande wa pili, basi. Kisimani wanawake walimpisha Mama achote kwanza ili aondoke. Shuleni msichana mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama mimi nami nina kinywa cha mama yangu.

Mama akaacha kusema nje ya nyumba. Ndani alizungumza nasi, kwa sauti ya chini, na akivuka mlango midomo ilifungwa. Kuku aliwafukuza kwa mkono. Akiitwa alikwenda mpaka mbele ya aliyemwita ndipo ajibu. Moto wetu haukuzimika tena hata siku moja, aliuamkia mara kwa mara kuutazama, na hata viberiti viliporudi madukani hakwenda kuomba kaa popote. Baba alimwambia yatapita. Hayakupita, na mimi nilimchukia mkunga kwa moyo wangu wote.

Mkunga naye alipata yake. Tangu siku ile watu walinyamaza akipita. Si maneno ya heri, si ya shari. Nani alitaka kuwa wa pili baada ya Mama? Sikio lilipotokea mwisho wa njia, mazungumzo yalikatika, wazee waliacha maneno nusu, watoto walizibwa midomo. Hata salamu zilikoma, ingawa kwa kanuni yake mwenyewe salamu haikuhesabika. Mwanamke wa umri ule, aliyepokea nusu ya mji, alipita bila mtu hata mmoja kumwambia shikamoo. Nilipokuwa mdogo nilifurahi. Nilipokua furaha ile iliniishia, lakini na mimi sikumsalimu.

Kuna jambo moja ambalo kwa miaka mingi halikuniingia akilini. Mama alipopata mimba ya mdogo wetu wa mwisho, sote tulidhani atamwita mtu mwingine, hata bibi kutoka shamba. Alimwita mkunga. Na mkunga alikuja moja kwa moja. Nilimwona kwa macho yangu akipita pale pale usawa wa ua, kichwa kimenyooka kama cha watu wengine, mtandio umefunika masikio yote mawili. Ndani hawakusemezana zaidi ya yale ya kazi: sukuma, pumzika, bado kidogo. Mtoto alipolia, mkunga alimweka kifuani kwa Mama, na wale wanawake wawili walitazamana kwa muda mrefu. Kisha mkunga akanawa mikono na kwenda zake bila kunywa hata uji.

Niliolewa upande wa Korogwe. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za mkonge, na maisha ya kambini yalinisahaulisha mengi, maana kule watu wametoka pande zote na kila mtu ana ndege zake. Ndipo ikaja habari kutoka nyumbani. Mke wa kaka yangu, wifi yangu, alikuwa karibu kujifungua, mjukuu wa kwanza wa Mama katika nyumba ile. Mama yake wifi alikuwa amefika kumwuguza binti yake, na jambo la kwanza alilolisema ni kwamba Mama aondoke. Aende akae kwangu Korogwe mpaka mtoto atoke. Hakutaka kinywa kile chini ya paa moja na binti yake. Kaka yangu, Mungu amsamehe, alinyamaza. Na Mama, waliniambia, ameanza kufunga mzigo wake.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimesikia kwamba mkunga amezeeka na kwamba yuko Masuguru, hapo hapo Korogwe, kwa binti yake. Nikaamua kabla sijapanda lori la Handeni nimpitie, nimtake aseme kwa kinywa chake kwamba mama yangu hakuua mtu. Nilikwenda na hasira ya kutosha.

Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nyumba ilikuwa karibu na reli. Alikuwa amekonda, lakini mikono ilikuwa ile ile.

"Shikamoo, bibi."

Aliacha ungo. Alinitazama usoni muda, akatafuta nimefanana na nani, akanijua. "Marahaba, mwanangu," akasema polepole. "Umeniamkia. Hujambo? Mama hajambo?"

"Mama anafukuzwa nyumbani kwake," nikasema. Nikamweleza yote bila kupunguza, mpaka habari ya mzigo. Garimoshi la kwenda Tanga likapita, ikabidi nisubiri. Yeye alilitazama mpaka likaisha.

"Nilipapenda hapa kwa ajili ya hilo," akasema. "Linapiga kelele siku nzima na halisemi neno." Kisha akasogeza ungo pembeni. "Mtoto alikuwa amekingama."

Sikuelewa.

"Mtoto wa mke wa fundi. Asubuhi ile nilimpapasa, nikamkuta amekingama tumboni, kichwa huku, miguu huku. Nilijaribu kumgeuza, akakataa. Wa namna ile hutolewa hospitali kwa kisu, na barabara ilikuwa imekatika. Nikamwambia binti wa watu, bado, nitarudi. Nilijua."

"Ukarudi ulipoitwa."

"Nilitoka kwa sababu nimeitwa. Nilipofika kwenu miguu iligoma. Nilijua nikiingia mle atanifia mikononi. Nikasimama. Nikawa naomba mtu aseme neno, mwanangu. Neno lolote la kunirudisha. Mama yako akasema."

Nilimwuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu, kama Mama angesema karibu, au moto unawaka, je, angeendelea? Alifikiri kweli kweli. "Sijui," akasema. "Pengine ningesimama pale mpaka nipate jingine baya. Mengi ya siku nyingine niliyaamini, na mpaka leo nayaamini. Lile la siku ile nililichukua tu."

"Ukamwachia mama yangu."

"Nilimwachia."

Machozi yalinitoka kwa hasira. Sikuwa nimejiandaa kwa jibu la wazi namna ile. Nilikuwa nimekuja kupigana na mtu, nikamkuta bibi kizee anayekubali. Aliniambia niende nikawaambie watu wote wa Chanika kwamba amesema yeye, kwa akili zake timamu. Kisha akaongeza, huku amerudisha ungo mapajani, "Lakini kwa mama yako hupeleki jipya. Alikuwa ananitazama. Aliniona nimesimama kabla hajafungua mdomo."

Lori lilinifikisha Handeni mchana wa siku iliyofuata. Mama alikuwa jikoni, mzigo wake umefungwa kwa kanga pembeni ya mlango. Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, tumbo limeshuka, na mama yake anamsuka. Nilisema yote palepale mbele yao, kwa kusimama, sikunywa hata maji. Mama yake wifi alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka.

"Hayo ni maneno ya kuletwa," akasema. "Mtoto gani hatamsafisha mama yake? Mimi namtazama binti yangu."

Nikamgeukia Mama. "Ni kweli ulimwona amesimama?"

"Nilimwona," Mama akasema.

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hii, Mama."

Alikuwa ameshika mwiko, akauweka juu ya chungu. "Ningesema mkunga ameogopa, nani angemwita tena? Mama Zuhura alikuwa na mimba. Shangazi yako alikuwa na mimba. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka mtoto mwingine. Kulikuwa na mkunga mwingine hapa? Niambie alikuwa nani."

Wifi alikuwa ameinua kichwa anamtazama, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mmoja bado. Mama aliutazama mzigo wake pale mlangoni kana kwamba umewekwa na mtu mwingine. Kisha akachukua kata, akachota maji mtungini, akayamwaga juu ya mafiga. Moto ule alioulinda miaka yote ukatoa moshi ukafa. Mama yake wifi alisimama na chanuo mkononi. Mama alitafuta kigae, akakipata nyuma ya mtungi, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akatoka nje mpaka mwisho wa ua. Njiani palikuwa na watu wanarudi sokoni.

"Mama Zuhura," akaita, na sauti ilikwaruza kwanza kabla ya kufunguka. "Mama Zuhura, una moto? Wangu umezimika."

Mtu mwenye baiskeli alishuka akaishika mkononi. Nilisikia nyuma yangu mkeka unakwaruza, wifi anainuka kwa taabu, mama yake anamkataza, na wifi akaja mpaka mlangoni akasimama kando yangu na tumbo lake. Ng'ambo ya njia mlango ulifunguka. Mama Zuhura alikuwa mzee sasa, haoni vizuri, ikambidi aweke mkono juu ya macho ili amjue anayemwita.

"Upo," akasema. "Mwingi. Njoo uchukue."